Kwanini saluni ya jirani inatokea Google na yako haitokei: mwongozo kamili kwa mwenye biashara ndogo

Kuna dada ana saluni Sinza, tulifahamiana kupitia mdogo wangu anayesukwa pale. Jumamosi moja akanipigia simu anapiga kelele, "Kaka, nimegugo saluni ya kike, nimetokea wa kwanza!" Nikamuuliza uko wapi sasa hivi. Akasema niko ofisini, nina mteja kichwani. Nikamwambia ukimaliza panda bajaji mpaka Bamaga, ukishuka tu gugo maneno yale yale. Baada ya kama nusu saa ikaja skrinshoti WhatsApp, saluni 3, yake haipo, na chini kaandika "mbona nimepotea".

Hajapotea. Asubuhi alikuwa amekaa kwenye kiti chake mwenyewe anamuuliza Google saluni ya karibu ni ipi, sasa Google amjibu nini zaidi ya hapo hapo ulipokaa?

Nimeona wengi wanajidanganya hivi, maduka ya simu, mafundi friji, mama ntilie mpaka wenye gesti. Kwahiyo naandika yote hapa kwa utaratibu tuliofuata na huyo dada, wewe badilisha saluni uweke biashara yako.

Kwanza ujue inavyoamua

Google wamesema wenyewe kwenye maelekezo yao kwamba wanaangalia mambo 3. Je, hii biashara inahusiana na alichoandika mtu? Iko umbali gani na alipo, au na sehemu aliyoitaja? Na inajulikana kiasi gani? Basi. Hayo matatu yanachanganywa pamoja, ndo maana duka la mbali kidogo linaweza kulipita la karibu kama linaendana zaidi na kile mtu anachotaka.

Sasa kwenye umbali kuna kitu watu hawakijui. Mtu akiandika "saluni" peke yake, Google anapima kutoka pale simu yake ilipo. Akiandika "saluni Sinza" anapima kwa kuangalia Sinza, hata kama mwenyewe yuko Mbagala kwenye foleni. Ni maswali mawili tofauti na majibu yake ni tofauti. Kwahiyo hakuna kitu kinaitwa "mimi ni namba moja Google", kuna namba moja kwa mtu aliyesimama mahali fulani, akaandika maneno fulani, saa fulani. Ukisogea mitaa 4 mambo yanabadilika.

Na nafasi zenyewe ni chache. Ile ramani inayotokea juu inaonyesha biashara 3 tu, imekuwa hivyo tangu Agosti 2015, kabla ya hapo zilikuwa 7. Wengine wote wako nyuma ya kitufe cha kuona zaidi, na wewe mwenyewe jiulize mara ya mwisho kukibonyeza ni lini.

Umbali huwezi kuubadilisha labda uhame fremu. Kwahiyo nguvu zote peleka kwenye hayo mawili mengine.

Hatua ya 1: Pima ukiwa nje ya duka

Usipime ukiwa ofisini. Chagua vituo 4 au 5 ambavyo wateja wako wanatokea kweli. Sisi tulichukua Bamaga, Afrika Sana, Shekilango na Mlimani City. Ukifika washa lokesheni, fungua kichupo fiche kwenye Chrome ili historia yako isikuchanganye (simu yako imeshazoea kukuonyesha duka lako maana unalifungua kila siku), halafu andika maneno anayoandika mteja. Usiandike jina la biashara yako, anayekujua jina tayari hakutafuti. Andika "saluni ya kike", "kusuka rasta", "kubandika kucha", na ujaribu kwa Kiingereza pia maana Dar watu wanachanganya, anaanza sentensi kwa Kiswahili anamalizia kwa Kiingereza.

Piga skrinshoti kila kituo, andika tarehe. Dada yetu matokeo ya kwanza yalikuwa hivi: ofisini wa 1, Afrika Sana hayumo kwenye 3, Bamaga hayumo, Shekilango hayumo, Mlimani City ndo kabisa. Inauma lakini sasa unajua ulipo.

Hatua ya 2: Profaili iwe yako, na iwe moja

Profaili ni ule ukurasa wa biashara yako kwenye Google na kwenye Ramani, wenye jina, simu, saa na maoni ya wateja. Ingia Google andika jina la biashara yako na mtaa. Ikitokea tayari na kuna sehemu ya kuidai, idai, usitengeneze nyingine. Profaili mbili za biashara moja zinagawana maoni na kumchanganya Google, na moja inaweza kufutwa, bahati mbaya ikikuandama inaondoka ile yenye maoni mengi.

Shida kubwa ya huku kwetu ni profaili kushikwa na mtu mwingine. Yule dada alitengenezewa na kijana mmoja wa steshenari miaka ya nyuma kwa barua pepe ya huyo kijana, halafu kijana akahama mji na laini akabadilisha. Ikikukuta hiyo, unaomba umiliki kupitia Google, aliyeishika anapewa siku 3 kujibu, akikaa kimya unaweza kupata nafasi ya kuithibitisha wewe. Na kuanzia leo atakayekusaidia mwongeze kama meneja, umiliki ubaki kwenye barua pepe yako unayoijua nywila yake.

Kingine, fundi akikuambia upakue app ya Google My Business mwambie amechelewa. Hilo jina lilibadilishwa Novemba 2021 likawa Google Business Profile, na app ikazimwa 2022. Siku hizi unahariri humo humo kwenye Google au kwenye Ramani, ukiwa umeingia na akaunti yako. Na kama uliwahi kutengenezewa ile tovuti ya bure inayoishia na business.site, ilifungwa Machi 2024, kwahiyo angalia bango lako na kadi zako kama bado zina hiyo linki, unampeleka mteja makaburini.

Kuthibitisha sasa hivi mara nyingi ni kwa video. Wengi wanafeli hapa kwa kukurupuka. Video inapigwa mfululizo bila kukata, si chini ya sekunde 30, na ndani yake waone vitu vitatu: eneo (anzia nje, onyesha barabara, kibao cha mtaa, maduka ya jirani), biashara yenyewe (bango lenye jina, viti, draya, vifaa) na kwamba wewe ndo mwenye biashara, yaani fungua mlango kwa ufunguo wako, ingia stoo, fungua droo ya hela. Usipige sura za wateja wala karatasi zenye namba za akaunti. Hakikisha bando lipo na umeme upo, sisi mara ya kwanza umeme ulikata ndani kukawa giza tukarudia yote. Majibu subiri mpaka siku 5 za kazi.

Hatua ya 3: Kategoria, hapa ndo penye hela

Nikiambiwa nichague kitu kimoja tu cha kurekebisha nitachagua hiki. Kategoria kuu ndo inamwambia Google wewe ni nani. Unaruhusiwa moja kuu na nyingine mpaka 9 za ziada, ila ile kuu ina uzito wake.

Tulipofungua profaili ya dada nikakuta kategoria kuu ni duka la vipodozi. Nikamuuliza imekuwaje, akasema si nauza mafuta na mawigi pale mbele! Ni kweli anauza, shelfu moja. Yaani miaka yote hiyo mtu akitafuta saluni, Google anaona hapa kuna muuza lotion. Pale ofisini alikuwa anatokea wa kwanza kwa sababu ya ukaribu tu, akisogea kidogo ukaribu unaisha na hakuna kingine cha kumbeba.

Tukaweka saluni ya nywele kuwa kuu, saluni ya kucha ikawa ya ziada, duka la vipodozi likashushwa nalo likawa la ziada. Tukaacha hapo. Usijaze 9 kwa vile zimeruhusiwa, weka kile ambacho mteja akiingia saa hizi anakipata.

Namna ya kuchagua: gugo neno lako kuu, angalia wale 3 wa juu wameandikwa ni nini chini ya majina yao, halafu chagua ile iliyo sahihi zaidi kwako. Kama unatengeneza simu weka duka la kutengeneza simu, usiweke "duka la elektroniki" kwa vile linasikika kubwa.

Baada ya kategoria ingia sehemu ya huduma, andika moja moja na bei kama unaweza: kusuka rasta, twende kilioni, kuosha na kuseti, kubandika kucha. Hapa ndo mahali pa maneno ya Kiswahili cha mtaani ambacho kwenye orodha ya kategoria hakipo. Maelezo ya biashara yana nafasi ya herufi 750, eleza kama unavyomweleza mtu kwenye simu, uko mkabala na nini, unafanya nini, wanaume wanahudumiwa au hapana.

Hatua ya 4: Jina, usitie chumvi

Utaona jirani kajiita "Saluni Bora ya Kusuka Nywele Sinza Bei Poa" na yuko juu yako. Ndiyo, maneno kwenye jina yanasaidia, sitakudanganya. Lakini sheria ya Google ni kwamba jina liwe lile la kwenye bango, na anayebambwa profaili inasimamishwa, unaamka asubuhi haupo kabisa kwenye ramani.

Ukisimamishwa kuna sehemu ya kukata rufaa, na wanataka ushahidi: leseni ya biashara, cheti cha usajili cha BRELA, karatasi yoyote yenye jina na mahali. Angalia hapa vizuri, ukishafungua ile fomu ya ushahidi una dakika 60 tu za kupakia, kwahiyo skani kila kitu kwanza ndo ufungue. Halafu sasa jina la BRELA ni moja, la kwenye leseni lingine, la bango la tatu, la Instagram la nne lina alama za nyota. Utamweleza nani akuelewe? Yafanye yafanane leo kabla hujapata matatizo.

Kama kweli unataka neno "saluni" au "fundi simu" liwe kwenye jina, liandike kwenye bango na ulisajili hivyo. Hiyo ni halali kabisa.

Hatua ya 5: Pini na anwani

Dar tunaelekezana kwa mwembe na msikiti, Google haelewi mwembe. Fungua ramani, kuza mpaka uone paa la jengo lako, weka pini juu ya paa, au hata mlangoni. Pini ya dada ilikuwa mtaa wa nyuma, bodaboda wanapiga simu kila siku "nipo hapa sioni saluni" na yeye anaona bodaboda ndo wajinga.

Kwenye anwani tumia namba ya nyumba na jina la mtaa kama zilivyo kwenye vile vibao vya anwani za makazi vilivyowekwa kwa wingi 2022 kabla ya sensa, postikodi pia unayo. Kama mtaani kwenu kibao kiling'olewa na watoto au na watu wa vyuma chakavu, ukiishikilia kidole pini kwenye Ramani utapata msimbo mfupi wa herufi na namba wenye alama ya kujumlisha katikati, huo mtumie mteja WhatsApp anafika mpaka mlangoni hata kama nyumba haina namba.

Kwa fundi anayefuata wateja majumbani, hana fremu: ficha anwani, taja maeneo unayohudumia, yanaruhusiwa mpaka 20. Ila usijidanganye kwamba ukiandika Tabata, Kimara, Mbezi na Kigamboni utaonekana kote, bado utatokea zaidi karibu na pale ulipothibitishia biashara.

Hatua ya 6: Saa

Fupi lakini muhimu. Mwishoni mwa 2023 Google walikiri kwamba kuwa wazi muda ule mtu anatafuta kunakupa nafasi zaidi, anaangalia saa ulizoandika. Kwahiyo kama unafungua mpaka saa 3 usiku na umeandika saa 12 jioni, unajifungia mwenyewe. Ila usiandike masaa 24 kwa ujanja, mtu akija saa 8 usiku akakuta kufuli atakuandikia nyota moja na picha ya kufuli. Sikukuu za Idd na Krismasi kuna sehemu yake maalumu ya kuweka.

Hatua ya 7: Maoni

Wingi wa maoni na wastani wa nyota vinaingia kwenye lile suala la kujulikana. Sasa dada aliposikia hivyo usiku huo huo akaweka ujumbe kwenye grupu la familia, asubuhi ana maoni kumi na moja ya nyota 5, shangazi yuko Songea anasifia alivyosukwa. Baada ya siku chache yakafutwa karibu yote. Google ana vichujio vya hayo mambo, na kutoa zawadi au punguzo ili mtu aandike nako ni marufuku.

Kilichofanya kazi ni hiki. Kwenye profaili kuna sehemu ya kuomba maoni, inakupa linki fupi. Mteja akishasukwa anapigwa picha kwa simu yake au ya dada akikubali, jioni anatumiwa ile picha WhatsApp na chini maneno haya tu: "Asante dada kwa kuja leo. Ukipata dakika mbili tuandikie hapa ulifanyiwa nini na ulionaje." Basi. Usimsimamie mtu kichwani aandike mbele yako, na usiwatumie wale waliofurahi tu.

Hilo neno "ulifanyiwa nini" ndo lenye kazi. Ukiacha mtu aandike anavyotaka ataandika "nice" au vidole gumba vitatu. Ukimuuliza alifanyiwa nini anaandika "nimesuka rasta ndogo masaa manne zimeisha hazijanivuta kichwa", na hapo mwingine akitafuta kusuka rasta, Google anaweza kukichomoa kile kipande cha sentensi na kukionyesha chini ya jina lako. Hakuna tangazo linaloshinda hilo.

Jibu maoni yote, hasa mabaya. Kuna mmoja aliandika nyota 2, "niliambiwa saa 4 nikaanza kusukwa saa 8 mchana". Dada akataka kumjibu kwa hasira kwamba wewe ulichelewa na nywele ulikuja nazo chafu. Tukakaa, tukaandika: "Pole sana dada, siku ile wasukaji wawili hawakuja na hatukukupigia kukwambia, hapo tulikosea. Sasa tunapiga simu mapema kukiwa na foleni." Ukweli ndo ulikuwa huo, na wanaosoma ni wateja wajao, si yule aliyekasirika.

Hatua ya 8: Ujulikane nje ya ramani

Google anasoma na kwingine: tovuti yako kama unayo, kurasa zinazokutaja, orodha za biashara, makala. Sehemu zote hizo jina, mahali na namba ya simu viwe vile vile. Laini uliyoibadilisha miaka 3 iliyopita bado iko kwenye ukurasa wako wa Facebook, kaifute. Unganisha Instagram kwenye profaili, nafasi ya mitandao ya kijamii ipo. Tovuti ya ukurasa mmoja yenye huduma, bei, mtaa na simu inatosha kabisa kwa saluni, usikubali kuuziwa ya kurasa 20.

Picha pia weka, za kwako mwenyewe, mlango kutokea barabarani, ndani, kazi za mikono yenu. Usichukue nywele za Pinterest.

Ukiwa Kariakoo ndani ya jengo moja na maduka thelathini ya simu

Hii ni kesi ya peke yake. Tangu Septemba 2016 wanaofuatilia haya mambo waliona Google anachuja biashara za aina moja zilizobanana sehemu moja, anaonyesha moja au mbili na nyingine anazificha mpaka ukuze ramani. Wao wakaibandika jina Possum. Kwahiyo ukiwa kwenye ghorofa la namna hiyo kategoria yako ijitofautishe kwa haki, kama wote ni duka la simu na wewe kazi yako hasa ni kutengeneza, jiweke kwenye kutengeneza. Andika na ghorofa na namba ya fremu. Baada ya hapo ni maoni tu, hakuna njia ya mkato.

Na kuhusu njia ya mkato, atakayekupigia simu kwamba ni wakala na kwa laki mbili kwa mwezi atakuweka namba moja kwenye ramani, kata simu. Google wameandika wazi kwamba nafasi hizi haziuzwi. Matangazo ya kulipia yapo, yana alama yake ya tangazo, ukiacha kulipa yanaondoka na hayakupandishi kwenye zile 3 za chini yake.

Hatua ya 9: Rudi ukapime

Usipime kila siku utaugua. Wiki 4 mpaka 6 zinatosha, vituo vile vile, maneno yale yale, ikiwezekana saa ile ile.

Sisi tulirudi baada ya wiki 6. Afrika Sana, wa 2. Bamaga, wa 3 kwa "kusuka rasta", ila kwa "saluni ya kike" bado yuko nyuma ya kitufe. Shekilango hayumo, na sishangai, pale kati kuna saluni kila fremu ya tatu. Mlimani City tumeifuta kwenye orodha, tumeweka Sinza Makaburini badala yake maana ndo wateja wanakotoka.

Jumamosi iliyofuata akaingia binti mgeni, kashuka Bamaga akitokea Tegeta, kafuata ramani mpaka mlangoni bila kupiga simu. Dada akamuuliza umenijuaje. Binti akamgeuzia simu, "si umeandikwa hapa hazivuti kichwa."